Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 20: Kiti Kitupu na Kituo cha Basi



Leo tuna saumu ya 20. Jua likizama tunaingia kumi la mwisho, inshaallah, na usiku wa leo ndio usiku wa 21. Na kama mnavyojua, jana Jumapili saa zilisogezwa mbele. Juzi tulifuturu saa kumi na mbili na nusu hivi, leo tutafuturu saa moja na nusu. Isha nayo inasogea, tarawehe inasogea. Tuliokuwa tunatoka msikitini saa tatu na kitu, sasa tunatoka saa nne na kitu usiku. Na wanaobaki kwa kisimamo cha usiku, hao hawatoki kabla ya saa saba au saa nane.

Kwa mwenye gari, hiyo ni saa moja ya usingizi tu imepungua. Kwa asiye na gari, saa hiyo moja ndiyo inayoamua kama atakuja msikitini au hatakuja. Basi leo nataka tuzungumze habari ya basi. Usicheke. Ni mas-ala ya dini haya, na utaona.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu mji wetu. Columbus ni mji wa watu zaidi ya laki tisa, lakini hauna treni ya abiria. Ya mwisho iliondoka mwaka 1979 na nyingine haijaja. Mji umetandazwa, umejengwa kwa ajili ya mwenye gari: nyumba huku, kazi kule, duka la nyama ya halali pengine, msikiti pengine kabisa, na katikati barabara kuu ambazo mtu wa miguu hawezi kuzikatiza. Mabasi yapo, alhamdulillahi, na kwenye barabara kama Cleveland Avenue hali ni nzuri kuliko zamani, kwani tangu 2018 kuna basi la haraka. Lakini ukienda pembezoni, ambako kodi ya nyumba ni nafuu na ambako wengi wetu tunaanzia maisha, basi linakuja kwa nafasi ndefu. Usiku nafasi inazidi kuwa ndefu. Jumapili ndiyo usiseme. Na kituo chenyewe mara nyingi ni nguzo na kibao, hakuna paa, hakuna benchi, upepo unakupiga mpaka kwenye mifupa.

Wengi wetu tulikotoka tulipanda gari la abiria maisha yetu yote wala hatukuona tabu. Daladala au matatu likikupita, la pili liko nyuma yake. Konda anakuita mwenyewe, ukisema "shusha" unashushwa. Mwalimu anapanda, fundi anapanda, mama mwenye kapu la samaki anapanda. Na msikiti hauhitaji gari, kwa sababu adhana unaisikia ukiwa jikoni. Hapa adhana tunaisikia kwenye simu, na msikiti uko maili saba. Kwa hiyo mgeni anapopata shida ya usafiri hapa, si kwamba amekuwa goigoi. Amehamia mahali ambapo kukosa gari ni sawa na kukosa miguu.

Na shida yenyewe si kusubiri tu. Hebu fikiria mtu anayetoka kazini kwenye maghala ya nje ya mji. Maghrib inamkuta kwenye basi la kwanza. Anafungua kwa tende moja na maji ya chupa, kimya kimya, amegeukia dirishani. Anashuka kubadilisha basi, anatafuta pembe ya kuswali, na huku moyo uko barabarani: basi likipita wakati niko kwenye sijda, la pili lini? Au mama mwenye watoto wawili na mifuko ya sokoni, mvua ya barafu inanyesha, mtoto mmoja amelala begani. Au kijana aliyepoteza kazi kwa sababu alichelewa mara tatu, na mara zote tatu hakuwa yeye aliyechelewa. Watu hawa wamo humu humu kwenye chaneli hii. Wanasoma maneno haya sasa hivi, pengine wako kituoni.

Sasa niwaambie jambo langu mwenyewe, maana sitaki kuwahubiria watu kwa kosa ambalo nimelifanya mimi.

Ramadhani ya mwaka jana, siku chache baada ya saa kusogezwa, nilitoka tarawehe nikapanda gari. Nikipita kituo cha basi kilicho karibu na msikiti, nikamwona mzee wetu mmoja amesimama chini ya taa, koti limefungwa mpaka shingoni, kofia ya kanzu juu, mikono mfukoni. Ninamfahamu. Tunaswali safu moja. Gari langu lilikuwa na viti vinne vitupu. Na mnajua nilifikiri nini? Nilisema moyoni: "Maashaallah, huyu mzee anachuma thawabu. Kila hatua yake inaandikwa." Nikaguswa kabisa. Nikaongeza hita, nikaenda zangu nyumbani.

Usiku uliofuata nikamwona tena. Halafu sikumwona. Nikadhani amesafiri, au amekwenda msikiti mwingine. Baada ya Idd nilimtembelea.

"Shikamoo mzee. Mbona ulitupotea kumi zima la mwisho?"

"Marahaba mwanangu. Saa zilipobadilika, nikawa nikitoka napata basi la kwanza lakini la pili nalikosa. Usiku mmoja nilitembea saa nzima na nusu mpaka nyumbani. Magoti yakakataa. Basi nikawa naswali hapa hapa."

"Sasa mzee, kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kwa upole, hakuna hasira hata kidogo. Akasema: "Mwanangu, mliniona."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Hapo ndipo lilipo swali la leo: *tabu ya mwenzako ni thawabu yake, au ni deni lako?*

Kuna hadithi mbili, zote katika Sahih Muslim, ambazo tunazijua lakini hatuziweki pamoja. Ya kwanza ni ile iliyopokewa na Ubayy bin Ka'b, Allah amridhie, ya mtu mmoja wa Madina ambaye nyumba yake ilikuwa mbali na msikiti kuliko nyumba ya mtu yeyote aliyemjua, na hakuwa akikosa swala. Akashauriwa anunue punda, ampande gizani na wakati wa joto. Yeye akajibu kwamba hata nyumba ya jirani na msikiti haitaki, anataka kwenda kwake na kurudi kwake kuandikwe. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akambashiria kuwa Allah amemkusanyia yote hayo.

Ya pili ameipokea Abu Said al-Khudri, Allah amridhie. Walikuwa safarini pamoja na Mtume, akaja mtu juu ya mnyama wake, anageuza macho kulia na kushoto. Hakusema kitu. Hapo Mtume akaagiza kwamba mwenye kipando cha ziada amrejeshee asiye na kipando, na mwenye chakula cha ziada ampe asiye na chakula. Akaendelea kutaja aina za mali, mpaka masahaba wakaona kwamba hakuna kati yao mwenye haki na kile kinachomzidi.

Tazama vizuri, ndugu yangu. Hadithi ya hatua ni habari ya mwenye kutembea. Hadithi ya kipando imeelekezwa kwa mwenye kupanda. Mimi usiku ule nilikuwa juu ya kipando, halafu nikasoma hadithi ya mwenye miguu. Nilichukua bishara ya mwenzangu nikaigeuza kuwa udhuru wangu.

Tena angalia yule mtu wa nyumba ya mbali. Nani alisema habari ya thawabu? Ni yeye mwenyewe. Waliomzunguka hawakumwambia "vumilia, unaandikiwa". Wao walimwambia habari ya punda! Walimwona, wakamhurumia, wakaja na shauri la kumpunguzia tabu. Kuchagua tabu kwa ajili ya Allah ilikuwa haki yake yeye. Haikuwa haki yao kumchagulia.

Na angalia yule msafiri wa hadithi ya pili: aligeuza macho tu. Mtume hakusubiri aombe. Macho yalitosha. Mzee wetu alisimama chini ya taa, na mimi nilitaka aniandikie barua.

Kwa hiyo jibu la swali ni kwamba ni yote mawili. Tabu yake ni thawabu yake, na ni deni lako vilevile. Thawabu yake haifuti deni lako. Mwenye njaa akisubiri anaandikiwa, lakini jirani aliyeshiba hawezi kwenda kwa Mola wake akasema, "Nilimwacha na njaa ili apate daraja." Kila mmoja wetu asome hadithi inayomhusu.

Najua kuna maneno yatakuja, maana na mimi niliyasema.

Mmoja atasema: tutabeba watu mpaka lini? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kweli. Lakini methali haikusema siku ya tatu mfukuze. Imesema *mpe*. Na jembe la mji huu ni nini? Ni leseni na gari. Umewahi kukaa na ndugu yako ukamfundisha kuendesha Jumapili asubuhi, kwenye uwanja mtupu wa maegesho? Umewahi kumsaidia kusoma kitabu cha sheria za barabara, maana Kiingereza chake bado? Kama hujampa jembe, usimlaumu kwa kutolima.

Mwingine atasema: si anunue gari tu, mbona hata bovu lipo? Ndugu yangu, piga hesabu: bei, bima, usajili, matengenezo, na kodi ya nyumba inangoja. Na wako kati yetu ambao wangeweza kutoka na gari jipya wiki hii kwa mkopo, lakini wameogopa riba. Wanaweka dola ishirini, dola thelathini, mpaka zitimie. Mimi si mufti wala sitoi hukumu ya mkopo wa mtu yeyote hapa. Nasema hivi tu: inawezekana yule anayetetemeka kituoni anatetemeka kwa sababu ya uchaji wake, na yule anayempita amekaa juu ya kitu ambacho mwenzake amekiacha kwa ajili ya Allah. Hilo likunyime usingizi kidogo.

Wa tatu atasema: dawa ni serikali kuongeza mabasi. Naam, na tulipige kura kwa hilo. Novemba 2024 wapiga kura wa mji huu walikubali kuongeza kodi ya mauzo kwa nusu asilimia kwa ajili ya usafiri wa umma, na tangu Aprili 2025 unailipa kila ukinunua kitu dukani. Ni jambo jema. Lakini mipango hiyo ni ya miaka, na kumi la mwisho ni siku kumi, au tisa. Usiku wa 27 hautasubiri njia mpya ya basi.

Sasa wewe usiye na gari, nawe nina neno na wewe, neno la ndugu.

Usione haya. Sura ya Tawba, aya ya 92, inawataja watu waliomjia Mtume wakati wa safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, wakiomba wapatiwe vipando. Hakuwa na cha kuwapandisha. Wakarudi huku macho yanabubujika machozi kwa huzuni kwamba hawana cha kutoa. Hao waliomba usafiri! Na Qur'ani haikuwalaumu, imewaondolea lawama, na kisomo chao kinasomwa mpaka Kiyama. Kuomba kwa ajili ya kutajirika ni jambo moja, kuomba kufikishwa kwenye ibada ni jambo jingine. Na Nabii Musa, alayhi salaam, alifika Madyan mgeni, mchovu, hana kitu, akakaa kivulini akamweleza Mola wake kwamba yu mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia. Alipokuja aliyetumwa kumwita nyumbani, alikwenda. Hakusema "aa, msijisumbue". Wakati mwingine jibu la dua yako ni mtu anayesimamisha gari, nawe unalipungia mkono lipite kwa sababu ya aibu.

Lakini nawe usisome hadithi ya mwenzako. Usifanye kiti cha mtu kuwa mali yako. Ukiambiwa saa fulani, uwe mlangoni kabla. Ukiweza kuchangia mafuta, changia, na ukishindwa, omba dua, nayo si ndogo. Akikwambia leo hawezi, usinune. Na ukibaki nyumbani kwa kukosa usafiri, usivunjike moyo. Mola aliyeko msikitini ndiye aliyeko chumbani kwako, na nia yako anaijua.

Tuje kwenye vitendo, maana tafakari bila vitendo ni maneno ya kufuturia tu.

Wewe mwenye gari, acha kusema "ukihitaji lifti niambie". Neno hilo ni zuri kulisikia, lakini limemwachia mwenzako mzigo wote: aanze yeye, ajieleze, apige simu, ahofie kuwa amekusumbua. Sema hivi: "Mimi naelekea Morse Road, nina viti vitatu." Umetaja njia yako, hukutaja shida yake. Atakayepanda atapanda kama mwenzio wa safari.

Kina dada na kina mama, hili linawahusu zaidi. Mama hawezi kumwendea mwanamume asiye maharimu wake usiku akamwomba ampeleke, na haya yake ni sehemu ya dini yake. Matokeo yake ni kwamba yeye ndiye wa kwanza kuacha kuja, na hakuna anayeuliza. Dada mwenye gari, upande wenu wa msikiti ni wewe unayewaona. Na wewe mume unayeendesha na familia yako, mwambie mkeo awe ndiye anayewaalika.

Wala tusiseme hii ni kazi ya vijana. Siku ya Badr masahaba walikuwa mia tatu na kitu na ngamia wao kama sabini, wakawa wanapokezana. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alishirikiana ngamia mmoja na wenzake wawili. Ilipofika zamu yake ya kutembea wakataka wao watembee badala yake. Akawaambia kwamba wao hawamzidi nguvu, na yeye si mwenye kujitosheleza na thawabu kuliko wao. Akashuka, akatembea. Kiongozi wa umma alikuwa na zamu. Mimi na wewe tuna zamu yetu pia, na zamu yetu ni dakika kumi na tano za kuzunguka, ndani ya gari lenye hita.

Basi usiku wa leo, baada ya witri, wenye viti vitupu tusimame dakika tano karibu na mahali pa viatu kabla ya kukimbilia nje. Kila mmoja ataje anakoelekea, kwa sauti. Kina mama wafanye hivyo hivyo kwenye mlango wao. Hakuna daftari, hakuna kuandikisha wenye shida. Na ukitoka kwenye maegesho, pita polepole pale kituoni. Ukimwona mtu, simama.

Yule mzee wetu yuko, alhamdulillahi. Magoti bado yanamsumbua. Mwaka huu tangu usiku wa kwanza tunakuja pamoja na kurudi pamoja, na njiani ananifundisha mambo ambayo sikuwahi kuyajua, wakati nilisimama naye safu moja miaka mitatu. Hajanikumbusha usiku ule hata siku moja. Najikumbusha mwenyewe, kila nikipita ile taa.

Ee Mola wetu, tusamehe wale tuliowaona tukapita. Waandikie ndugu zetu kila hatua waliyotembea na kila dakika waliyosubiri, wala usiifanye tabu yao kuwa hoja juu yetu. Wape vipando vya halali vyenye baraka. Tufikishe sote kwenye Lailatul Qadr, asibaki mmoja wetu nyuma kwa kukosa wa kumchukua. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Tuonane Isha, inshaallah.